Kigego wa Nguu alitawala Usambara, wewe unamcheka nani?

Ndugu yangu wa kijiweni, nakuomba uiweke simu yako chini dakika chache tuzungumze. Sisemi simu ni mbaya. Mimi mwenyewe ninayo, na kisa ninachotaka kukusimulia kilianzia kwenye simu.

Nilikuwa Old Korogwe, nimesimama kando ya barabara nikisubiri usafiri wa kwenda Manundu. Ilikuwa saa saba mchana na jua la Korogwe wewe unalijua. Vijana wanne wa bodaboda walikuwa wameegesha pikipiki zao chini ya mwembe, wameinamia simu moja. Walikuwa wanacheka mpaka mmoja wao kajishika tumbo. Nikasogea nami nikaone. Kwenye kioo alikuwamo kijana aliyejipaka unga usoni na kwenye nywele. Kayafinya macho, anapepesuka juani kama mtu asiyeona njia, na sauti ya nyuma inamwita kwa jina ambalo sitaliandika hapa. Basi, kichekesho chenyewe ndicho hicho. Hakikuwa na mwanzo wala mwisho.

Nyuma ya bega la mwenye simu walisimama watoto watatu, mashati meupe, kaptura za bluu, madaftari mkononi. Nao wanacheka. Hazikupita dakika tano akatokea binti wa rika lao. Alivaa sare ile ile, lakini juu yake alikuwa na kofia pana na sweta la mikono mirefu katika joto lile. Unajua kwa nini. Ngozi yake haina kinga ya jua kama yangu na yako. Mmoja wa wale watoto akainama, akachota vumbi, akajipaka usoni, akaanza kupepesuka sawasawa na yule wa kwenye simu. Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Binti akaishusha kofia, akaongeza mwendo.

Nikamgeukia mwenye simu nikamwuliza: "Umeona ulichomfundisha?" Akanijibu bila ubaya wowote moyoni: "Mzee, acha hizo. Huo ni utani tu."

Utani tu! Ndugu yangu, neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hebu tukumbushane nchi tunayoishi. Hii ndiyo nchi ambayo watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa wakiwa majumbani mwao, kwa sababu kuna mpumbavu mmoja kaambiwa na mganga kwamba mfupa wa binadamu mwenzake utamletea dhahabu au kura. Hii ndiyo nchi ambayo Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alitoa machozi bungeni Januari 2009 kwa ajili ya mauaji hayo. Usije ukasema hayo yamepita. Mwaka 2024 huko Muleba, mkoani Kagera, mtoto mdogo ambaye hata miaka mitatu hakuwa ameitimiza aliporwa mikononi mwa mama yake. Alipopatikana alikuwa maiti, na viungo vyake vilikuwa vimechukuliwa.

Utaniambia: "Mwandishi, unatia chumvi. Kichekesho cha kwenye simu na panga la Muleba wapi na wapi?" Nami nakujibu kwamba mwenye panga hakuzaliwa na panga mkononi. Alianza akiwa mtoto. Alifundishwa kwamba yule si mtu kamili, ni kioja. Aliyefundishwa kwamba mwenzake ni kioja, siku akiambiwa kuwa ni bidhaa hashangai sana. Sisemi kila anayecheka atakuwa muuaji. Hasha! Nasema kicheko kile kinamzoesha mtoto kuona jambo ambalo alipaswa kulikataa tangu siku ya kwanza.

Sasa wakubwa wetu wakisikia kisa kama hiki hukimbilia dawa mbili tu. Ya kwanza ni hotuba. Mgeni rasmi atakuja shuleni na msafara wa magari, watoto watapangwa juani tangu asubuhi, ataambiwa "tupendane, tudumishe amani," atapewa risala, ataondoka. Ya pili ni kufungia. Watasema simu zinaharibu maadili, zifungiwe, zizimwe. Ukweli ni kwamba hotuba haijawahi kushindana na kichekesho ikashinda. Na kuzima simu hakuzimi kilichomo kichwani mwa mtoto.

Dawa ninayoileta mimi ni ya tatu, nayo ni nyepesi kusema: kifaa kile kile kilichomfundisha mtoto kumcheka mwenzake kinaweza kumfundisha kucheka naye. Lakini kwa sharti moja. Kinachooneshwa lazima kitoke kwetu, kwa lugha yetu, kwa hadithi zetu, kwa sura anazozijua mtoto wa Old Korogwe na wa Handeni. Mahubiri yaliyotafsiriwa kutoka kwa watu hayatamwingia.

Usidhani haya ni ndoto za alinacha. Majirani zetu Wanyarwanda waliyaona yote mawili kwa macho yao. Mwaka 1993 ilianzishwa redio iliyoitwa RTLM. Ilipiga muziki mzuri, ilikuwa na watangazaji wachekeshaji, vijana wa mijini waliipenda. Ilianza kwa mizaha juu ya Watutsi, ikawaita mende. Mwaka 1994 redio hiyo hiyo ikawa inahimiza mauaji. Mende hatendewi kama mtu, anakanyagwa. Kumbuka, ilianza kwa utani tu.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2004 katika nchi hiyo hiyo, kwa chombo hicho hicho cha redio, ukaanza mchezo wa kuigiza uitwao Musekeweya, maana yake Alfajiri Mpya. Ni kisa cha vijiji viwili vinavyohasimiana, na vijana wanaopendana kati ya vijiji hivyo. Ndani yake hakuna neno Mhutu wala Mtutsi. Kuna mapenzi, kuna wivu, kuna wazee wakorofi, kuna vichekesho. Mtafiti mmoja, Elizabeth Levy Paluck, alifuatilia makundi ya wasikilizaji kwa mwaka mzima, akayalinganisha na makundi yaliyosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Matokeo aliyachapisha mwaka 2009. Aligundua kwamba yale waliyoamini watu moyoni hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona inafaa kutenda mbele ya wenzao. Mwishoni kila kundi lilipewa redio moja na betri zake kuwa mali ya wote. Waliosikiliza mambo ya afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa mtaa. Waliosikiliza Musekeweya walikaa, wakabishana, wakakubaliana kuitunza pamoja.

Umeipata hiyo, ndugu yangu? Watu walijifunza kubishana bila kupigana na kumiliki kitu pamoja bila kumwita mkubwa awaamulie. Na jambo la kuzingatia ni hili: walisikiliza kwa kundi, wakazungumza baada ya kusikiliza. Chombo peke yake hakikutosha. Mazungumzo yaliyokifuata ndiyo yaliyofanya kazi.

Afrika Kusini nao, mwaka 2002, walimwingiza katika kipindi cha watoto mwanasesere aitwaye Kami, mtoto wa kike anayeishi na virusi vya UKIMWI. Wakati huo watoto wa namna hiyo walikuwa wakikimbiwa shuleni kama wenye ukoma. Kami hakuletwa kuhutubia. Aliletwa kucheza. Mtoto aliyekaa mbele ya televisheni alimzoea kama rafiki kwanza, habari ya ugonjwa ikafuata nyuma.

Hapa kwetu je? Tusijidharau, kazi imeanza. Miaka ya mwishoni mwa 2000 kilikuwapo Kilimani Sesame, cha televisheni, redio na vitabu, kwa Kiswahili. Kilipimwa kwa watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam kwa wiki sita, na waliokifuatilia vizuri zaidi walionekana kuwazidi wenzao kimasomo, kiafya na hata katika kuishi na watu. Mwaka 2014 wakaja vijana wa Ubongo pale Dar es Salaam na katuni zao za Ubongo Kids, wakafuatia na Akili, yule mtoto wa kike anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Leo nenda Tanga, nenda Tandahimba, mtaje Akili mbele ya mtoto wa chekechea uone uso wake utakavyong'aa. Ni kazi ya Watanzania, imechorwa hapa, inazungumza kama sisi.

Lakini bado tuna deni. Akili ana Kilimanjaro yake. Mtoto wa Old Korogwe, mtoto wa Mkata, mtoto wa Handeni Mjini, yeye anachorewa nini? Tunaye shujaa wetu, tena wa kushinda katuni zote za Marekani, na tumemwacha analala kwenye vitabu na katika vinywa vya wazee wanaokufa mmoja mmoja.

Namzungumzia Mbegha.

Kama hukupata bahati ya babu wa kukusimulia, nisikilize. Mbegha alizaliwa Nguu, ng'ambo hii ya Handeni. Meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa ni nuksi, ataumaliza ukoo. Vigego waliuawa wakiwa wachanga. Mbegha aliponea, lakini hakuachwa kwa amani. Baba yake alipofariki ndugu walimnyima urithi, wakasema vifo vya ukoo vinatoka kwake. Akawa mwindaji wa nguruwe, yeye na mbwa wake, mtu wa porini asiye na kwao. Akaenda Kilindi, huko nako mtoto wa mkubwa wa mji akafa wakiwa mawindoni pamoja, ikambidi akimbie tena. Akavuka mto Pangani, mto huu huu unaopita Korogwe, akapanda milima ya Usambara. Wasambaa walikuwa wakihangaishwa na nguruwe mashambani. Mgeni akawaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vyao. Hakuwa mchoyo, na alijua kuamua kesi za watu. Mwisho wake? Wasambaa walimfanya mtawala wao pale Vuga. Ukoo wake, Wakilindi, ukatawala milima ile vizazi na vizazi. Mwandishi Abdallah bin Hemedi aliyaandika haya kwa Kiswahili tangu karne ya 19, katika Habari za Wakilindi. Hatuna kisingizio kwamba hayajulikani.

Sasa chora katuni hiyo. Mtoto mwenye meno yaliyotangulia, watoto wenzake wanamcheka, ndugu wanamkimbia. Halafu milima, mbwa, nguruwe, simba, na watu wa kabila jingine kabisa wanaomtazama na kusema: huyu anatufaa, aketi. Usimtaje mwenye ualbino hata mara moja. Mtoto wa darasa la tatu hana haja ya kutafuniwa. Mwulize tu baadaye: "Ndugu zake walipoteza nini walipomfukuza?" Ukae kimya umsikilize.

Na Handeni tunacho kisa kingine, hiki cha watu ambao hata wewe umewahi kupanda nao basi. Karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa pwani ya Somalia wakiwa watumwa, wengine wakiwa wamedanganywa wakati wa njaa kwamba wanapelekwa kwenye kazi na chakula. Wakalimishwa. Masimulizi yao yanasema waliotoroka waliongozwa na mwanamke, Wanankhucha, wakitafuta njia ya kurudi nyumbani, wakaishia kwenye misitu ya mto Juba. Hapo waliishi zaidi ya miaka mia na lugha yao ya Kizigua hawakuiacha. Kule waliitwa jareer, yaani wenye nywele ngumu. Kwa sababu ya nywele walinyimwa heshima, kazi na shule. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 wakakimbia tena. Maelfu walipelekwa Marekani miaka ya 2000. Lakini wako waliokuja kwa bahari mpaka Tanzania, wakawekwa Mkuyu, baadaye Chogo, huko huko Handeni. Walipofungua mdomo wazee wa Handeni wakaduwaa: hawa wanasema Kizigua! Hatimaye wakaanza kupewa uraia wa nchi ambayo mababu zao walitolewa kwa hila.

Niambie, ndugu yangu, ni nchi ngapi duniani zenye kisa cha namna hiyo? Mtu aliyeitwa mgeni kote alikopita, anafika mahali anasalimiwa kwa lugha ya bibi yake. Hicho ni kipindi cha katuni tosha cha kumfundisha mtoto kwamba yule unayemwita "wa kuja" huenda ni wa kurudi.

Hata Korogwe yenyewe imejengwa na wa kuja. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902. Mkonge ukafuata, na mkonge ulitaka watu. Wakaletwa Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde, kila mmoja na namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wajukuu wa manamba leo ndio majirani zako, washikaji zako, pengine ndio wakwe zako. Waliishije na Waboshazi, yaani Wabondei, Wasambaa na Wazigua, bila kuchinjana?

Jibu mojawapo ni lile neno la kijana wa bodaboda. Utani.

Hapa ndipo nataka tuelewane vizuri, kwa maana kijana yule alilitaja jambo kubwa bila kujua. Utani wa mababu zetu haukuwa mchezo wa kudhalilishana. Ulikuwa mkataba. Makabila yaliyokutana kwenye njia za misafara, mengine yaliyowahi hata kupigana, yalifanya watani. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana, kukupora kuku, kukuita mtumwa wake mbele ya mkeo, nawe hukasiriki. Lakini ruhusa ile ilikuwa na bei yake. Siku ya msiba mtani ndiye anayefika mapema. Ataingia kaburini agome kutoka mpaka apewe chochote, atawachekesha wafiwa, kisha atashika jembe na kukuzika. Mtani hakukwepi kwenye njaa. Na utani unakwenda pande zote mbili: leo wewe unanitania, kesho zamu yangu.

Upime sasa utani wa kwenye simu kwa mizani hiyo. Yule aliyejipaka unga, je, atakwenda kumzika binti yule? Atamnunulia mafuta ya kujikinga na jua? Binti ana zamu ya kujibu? Hana. Utani usio na zamu wala wajibu ni uonevu ulioazima jina la utani. Mababu zako wangekukana.

Hili ndilo la kuwafundisha watoto wa shule za msingi kwa vifaa vya leo. Si lazima tuwaambie wasitaniane. Watoto wasiotaniana ni wagonjwa! Tuwafundishe sheria za utani. Weka kwenye video fupi Mzigua na Mnyamwezi wanataniana msibani, watoto wacheke mpaka machozi, halafu waone yule mtani anavyolia na kubeba jeneza. Hapo mtoto ataijua tofauti ya kumcheka mtu na kucheka na mtu.

Vifaa viko wapi? Viko! Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi zaidi ya laki mbili vilivyohesabia watu viligawiwa kwa walimu nchi nzima. Fedha yako na yangu hiyo. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Jina zuri. Na pale Korogwe kipo Chuo cha Ualimu, chenye vijana wanaojifunza kufundisha. Kifaa kipo, somo lipo, walimu wapo, hadithi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha. Taasisi ya Elimu Tanzania ingeweza kesho asubuhi kuwatuma wanachuo wale kwa wazee wa Handeni na Korogwe, wakawarekodi wakisimulia kwa Kizigua, kwa Kisambaa na kwa Kiswahili, wachoraji wakachora, kikatoka kipindi cha dakika kumi. Hakihitaji intaneti, kinawekwa kwenye memori kadi. Darasa lina watoto wengi na kioo ni kidogo? Tafuta spika ndogo, wasikilize kama wanavyosikiliza redio, waitikie "Pakawa!" wakiambiwa "Paukwa!" Kisha mwalimu aulize swali, watoto wabishane. Wanyarwanda walikwisha kutuonesha kwamba hapo kwenye kubishana ndipo penye dawa.

Lakini hapo kwenye kubishana ndipo wakubwa wanapoingiwa na homa. Wao neno uvumilivu wanalipenda kwa maana moja tu: mlalahoi avumilie. Avumilie bei, avumilie foleni, avumilie kunyamazishwa. Mtoto anayebishana kwa hoja darasani ataibishia kesho serikali ya mtaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu waliingia barabarani, wengine wakapoteza maisha, na intaneti ikazimwa nchi nzima. Naandika kwa majonzi, bila kutania. Nauliza tu: nchi inayozima mtandao watu wakitofautiana, itamfundishaje mtoto wa darasa la nne kuvumilia tofauti? Mtoto haigi tunachosema, anaiga tunachofanya.

Tena mfano mwema tunao, tusisingizie kwamba hatujui. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka kuuliza watu: chama kimoja au vyama vingi? Karibu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja. Tume ikasema nchi iende kwenye vyama vingi, kwa kuwa wale wawili nao ni watu na wana haki ya kuwa na chama chao. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Huo ndio uvumilivu kwa maana yake kamili: mwenye nguvu kumpa mchache nafasi ya kusema. Na katika nafasi hiyo hiyo, mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany wa CUF kuwa mbunge wao, mtu mwenye ualbino wa kwanza kuchaguliwa jimboni katika nchi hii. Hawakumchagua kwa huruma. Walimpigia kura wakawashinda waliokuwa na dola. Hicho nacho ni kipindi, kichorwe.

Sasa nikurudie wewe, ndugu yangu, maana wakubwa nimewataja ili dhamiri yangu itulie tu. Ukiwasubiri, mdogo wako atamaliza darasa la saba. Wewe ndiye mwenye simu. Wewe ndiye televisheni ya mtaa, ndiye redio ya kijiwe, ndiye mwalimu ambaye hakuajiriwa. Watoto wanaokaa nyuma ya bega lako ni wengi kuliko wanaokaa mbele ya mwalimu mkuu.

Basi nakuomba mambo matatu, na hakuna hata moja litakalokugharimu nauli ya Segera. La kwanza, kichekesho cha kumdhalilisha mtu kwa ngozi yake, kabila lake, dini yake au kilema chake kikiingia kwenye simu yako, kifutie hapo hapo. Usikipitishe kwa mwingine. La pili, Jumapili moja nenda kwa bibi au babu, washa kinasa sauti, mwombe akusimulie habari za Mbegha, au za watani wa ukoo wenu, au jinsi baba yake alivyokuja na namba shingoni kukata mkonge. Ukipata, mpelekee mwalimu mmoja unayemfahamu mwenye kishikwambi. La tatu, kama una kipaji cha kuchora au kuchekesha, na najua wengi mnacho, tengeneza chako. Fanya watu wacheke. Ila ukimaliza kukirekodi, jiulize swali moja la mtani: huyu niliyemtania, nikiitwa msibani kwake, nitakwenda na uso gani?

Yule binti wa Old Korogwe kesho saa saba atapita tena njia ile ile, chini ya mwembe ule ule, na kofia yake. Watoto watakuwapo nyuma ya bega la mtu. Watatazama kwanza anayeshika simu anacheka nini, ndipo nao wajue la kucheka.